Kila Jambo na Bunge Lake: Mkazi wa Migori na Homa Bay Abishe Mlango Upi

Hotuba ya elimu ya uraia kwa wakazi wa kaunti za Migori na Homa Bay



Kila baada ya miaka mitano, mpiga kura wa Rongo, Kuria Mashariki, Ndhiwa au Karachuonyo huingia katika kituo cha kupigia kura akakabidhiwa karatasi sita. Moja ni ya Rais, moja ya Gavana, moja ya Seneta, moja ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, moja ya mbunge wa eneo bunge, na moja ya mwakilishi wadi, yaani MCA. Huweka alama, hutumbukiza karatasi katika masanduku, kidole hupakwa wino, akarudi nyumbani.

Baada ya hapo huja shida za kila siku. Zahanati haina dawa. Mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Bei ya miwa imeshuka. Wavuvi wamenyang'anywa nyavu ziwani. Mkazi yule yule hubeba shida zote hizo na kumpelekea kiongozi wa kwanza atakayekutana naye, mara nyingi mazishini au harambeeni. Mbunge huombwa dawa za zahanati ilhali dawa hizo ziko chini ya serikali ya kaunti. Seneta huombwa basari ilhali hazina ya basari ya eneo bunge haiko mikononi mwake. MCA hulaumiwa kwa kodi iliyopitishwa Nairobi, mahali asipo na kiti. Ahadi hutolewa, miezi hupita, na aliyeomba hurudi pale pale.

Lengo la hotuba hii ni moja: mkazi ajue Bunge la Kenya limepangwaje, wanaoketi humo wanafikaje, na jambo gani hupelekwa mlango upi na wakati gani. Anayejua hayo husikilizwa mapema. Asiyejua husikia habari za sheria mpya siku anapotozwa.

Bunge moja, nyumba mbili

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Kifungu cha 93 kwamba Bunge la Kenya lina sehemu mbili: Bunge la Taifa na Seneti.

Bunge la Taifa lina wabunge 290, kila mmoja akichaguliwa na eneo bunge lake. Kuna wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa kaunti nzima. Kuna 12 wanaoteuliwa na vyama vya siasa kuwakilisha makundi maalumu, wakiwemo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Hao ni 349. Spika ni wa 350, lakini yeye hapigi kura.

Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti. Wapo wanawake 16 wanaoteuliwa na vyama kulingana na viti ambavyo kila chama kimepata. Wapo wawili wa vijana, mwanamume na mwanamke, na wawili wa watu wenye ulemavu, vilevile mwanamume na mwanamke. Jumla ni 67, na Spika wa Seneti ni wa 68.

Migori ina maeneo bunge manane: Rongo, Awendo, Suna Mashariki, Suna Magharibi, Uriri, Nyatike, Kuria Magharibi na Kuria Mashariki. Homa Bay nayo ina manane: Kasipul, Kabondo Kasipul, Karachuonyo, Rangwe, Homa Bay Mjini, Ndhiwa, Suba Kaskazini na Suba Kusini. Kila kaunti ina wadi 40, na MCA wa wadi hizo huketi katika bunge la kaunti yao, si katika Bunge la Nairobi.

Hesabu yake ni hii. Katika Bunge la Taifa, kaunti hizi mbili zina kura 18 za wawakilishi waliochaguliwa: wabunge 16 na Wawakilishi wa Wanawake wawili. Hizo ni 18 kati ya 349. Katika Seneti, jambo linapohusu kaunti, kila kaunti hupiga kura moja tu, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa akiongoza ujumbe wa kaunti yake. Kwa hiyo Migori ina kura moja, Homa Bay ina kura moja, na Nairobi yenye watu mara kadhaa zaidi nayo ina kura moja. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436. Katika Bunge la Taifa wingi wa watu ndio huleta wabunge wengi. Katika Seneti kaunti ni sawa kwa sawa. Kuna Seneti kwa sababu hiyo.

Njia iliyopitiwa

Haki hii haikuja kwa siku moja. Waafrika waliruhusiwa kuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, na viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Kiti cha Nyanza Kusini, eneo lililojumuisha Migori na Homa Bay za leo, kilichukuliwa na Lawrence Oguda. Siku zile si kila mtu mzima alipiga kura. Mtu alipimwa kwa elimu, kipato, mali au utumishi wake, na wengine walipewa zaidi ya kura moja huku majirani zao wakikosa kabisa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Kenya ilikuwa na nyumba mbili. Seneti ya wakati ule ilikuwa na maseneta 41. Haikudumu. Mwaka 1966 Katiba ilibadilishwa, Seneti ikaunganishwa na nyumba ya wawakilishi, na viti vya kuchaguliwa vikawa 158 katika Bunge moja. Majimbo yalipoteza sauti yao, na fedha na maamuzi vikakusanyika Nairobi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 na Katiba mpya kurudisha nyumba ya pili, safari hii ikiwa ngome ya kaunti.

Viti 47 vya wanawake navyo vina historia inayogusa upande huu wa ziwa. Marehemu Phoebe Asiyo, aliyewahi kuwa mbunge wa Karachuonyo, alipeleka bungeni mwaka 1997 hoja ya kutenga nafasi kwa wanawake. Hoja ilishindwa siku ile. Miaka 13 baadaye wazo lenyewe likaandikwa ndani ya Katiba. Vilevile viti vya makundi maalumu: Dennitah Ghati, aliyechaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Migori mwaka 2013, aliteuliwa mwaka 2017 kuwa mbunge wa kuwakilisha watu wenye ulemavu.

Uchaguzi na kiti kinapobaki wazi

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ule wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022, na kwa hesabu hiyo ujao unaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Mgombea anaweza kusimama kwa tiketi ya chama au akawa mgombea huru. Anayetaka kuingia bila chama huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneo bunge kama anawania ubunge, au 2,000 wa kaunti kama anawania useneta. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu ya kura zote.

Kiti kikibaki wazi, Spika hutakiwa kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo kufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kilipobaki wazi. Wakazi wa hapa wanaujua utaratibu huo vizuri kuliko wengi. Homa Bay ilichagua seneta mpya mwaka 2015 baada ya kifo cha Otieno Kajwang'. Migori ilifanya hivyo tarehe 8 Oktoba 2018 baada ya kifo cha Ben Oluoch. Ndhiwa ilikuwa na uchaguzi mdogo Septemba 2012 baada ya Orwa Ojode kufariki katika ajali ya helikopta.

Kasipul ni funzo la aina nyingine. Mbunge wao, Charles Ong'ondo Were, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi tarehe 30 Aprili 2025. Wakati huo IEBC haikuwa na makamishna, kwa kuwa nafasi zao zilikuwa wazi tangu mapema 2023. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 27 Novemba 2025. Kwa karibu miezi saba watu wa Kasipul hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika Bunge la Taifa kama mbunge wao. Katika kipindi hicho Bunge lilipitisha bajeti ya nchi. Tume ya uchaguzi ikikosa watu, hasara haibaki Nairobi. Hufika hadi Oyugis.

Fedha za kaunti hupatikana vipi

Hakuna jambo linaloonyesha kazi ya nyumba hizi mbili kama fedha.

Fedha zinazokusanywa na serikali ya kitaifa hugawanywa mara mbili. Mgao wa kwanza ni kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zote 47 kwa pamoja. Mswada wake huitwa Mswada wa Ugavi wa Mapato. Mgao wa pili ni wa kaunti kwa kaunti, na hufuata fomula ambayo Seneti huiamua na kuileta kwa Bunge la Taifa. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa.

Mwaka 2013, mara tu ugatuzi ulipoanza, Bunge la Taifa lilitaka kuumaliza Mswada wa Ugavi wa Mapato bila Seneti. Maseneta walikwenda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Novemba 2013 majaji walitoa ushauri kwamba mswada huo lazima upitie nyumba zote mbili. Bila ushauri huo, fedha za kaunti zingekuwa zikiamuliwa na nyumba moja hadi leo.

Matunda yake yalionekana tena mwaka 2025. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/2026, Bunge la Taifa lilipitisha Sh405 bilioni kwa kaunti zote. Seneti ikasema kaunti zinahitaji Sh465 bilioni. Nyumba zilipokosa kuelewana, kamati ya upatanisho yenye wajumbe sawa kutoka kila upande iliundwa, na makubaliano yakawa Sh415 bilioni. Hiyo ni nyongeza ya takriban Sh10 bilioni juu ya kiasi cha kwanza. Zikigawanywa sawa kwa kaunti 47, ingawa fomula haigawi sawa, ni zaidi ya Sh200 milioni kwa kila kaunti. Hizo ni dawa, mishahara ya wauguzi na barabara za kwenda sokoni.

Mgao wa pili nao uliwahi kuikwamisha nchi. Mwaka 2020 Seneti ilishindwa kukubaliana juu ya fomula kikao baada ya kikao, kaunti nyingine zikihofia kupoteza mabilioni. Kaunti zilikaa bila fedha, wahudumu wa afya wakakosa mishahara. Mapatano yalipatikana Septemba 2020, kwa sharti kwamba fomula mpya ianze kutumika pale fedha za kaunti zote zitakapopanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni, ili hata kaunti moja isipunguziwe. Kura moja ya Migori na moja ya Homa Bay zilikuwa na uzito sawa na za kaunti nyingine yoyote katika mvutano huo.

Seneti pia hufuatilia fedha hizo zikishafika. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua hesabu za kila kaunti, na kamati ya Seneti ya hesabu za umma humwita gavana ajibu hoja za ukaguzi. Serikali za Migori na Homa Bay nazo hujibu kama nyingine. Mkazi aliye na ushahidi wa mradi uliolipwa na haukukamilika anaweza kuupeleka katika bunge la kaunti yake, na pia kwa kamati hiyo ya Seneti.

Mswada unavyopita, na mahali ambapo mwananchi huingia

Mswada husomwa mara ya kwanza, ambapo hutajwa jina tu. Kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika, na kamati hutakiwa kuwashirikisha wananchi na kupokea maoni yao. Baadaye husomwa mara ya pili, wabunge wakijadili msingi wake. Halafu huja hatua ya kamati ya Bunge zima, ambapo vifungu hurekebishwa kimoja kimoja. Mwisho husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Mswada unaohusu kaunti lazima upitie nyumba zote mbili. Ukipita, Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha pamoja na sababu zake. Akiurudisha, Bunge linaweza kuupitisha tena kama ulivyokuwa kwa thuluthi mbili ya wabunge.

Bunge la Taifa haliwezi kuendesha shughuli bila wabunge 50 ukumbini, na Seneti bila maseneta 15. Maamuzi ya kawaida hupitishwa na wengi wa waliopo na kupiga kura, si wengi wa waliochaguliwa. Mwakilishi ambaye hayupo siku ya kura ni sawa na kiti kitupu, na kumbukumbu rasmi za Bunge huonyesha nani alisema nini. Mpiga kura ana haki ya kuzisoma.

Mlango wa mwananchi ni ile hatua ya kamati. Ukipita, kubadilisha kifungu huwa vigumu sana. Mswada wa Fedha wa 2024 ulionyesha hilo kwa gharama kubwa. Mapendekezo yake yalikuwa na ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate. Baada ya malalamiko, ushuru wa mkate uliondolewa kabla ya kura ya mwisho. Mengine yalibaki, na tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu walipoteza maisha. Siku iliyofuata Rais alisema hatautia saini. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mswada wa aina hiyo haupiti Seneti, kwa sababu Katiba inaipa Bunge la Taifa peke yake miswada ya ushuru. Aliyempigia simu seneta wake kuhusu ushuru wa mkate alikuwa na haki ya kusema, lakini seneta hakuwa na kura ya kupiga.

Sukari ni mfano wa upande wa pili. Kilimo kimegatuliwa, kwa hiyo Sheria ya Sukari ya 2024, iliyorudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, ilipitia nyumba zote mbili kabla ya kutiwa saini Novemba 2024. Mkulima wa miwa wa Awendo, Uriri au Ndhiwa alikuwa na milango miwili ya kubisha: mbunge wake na seneta wake.

Jambo hili lipelekwe wapi?

Dawa na wahudumu wa zahanati, chekechea, masoko, barabara za kaunti, maji vijijini na feri za ziwani ni kazi za kaunti. Mlango wa kwanza ni MCA na idara husika ya kaunti. Anayeidhinisha bajeti yake ni bunge la kaunti.

Shule za msingi na sekondari, polisi, machifu, mipaka ya nchi na ushuru ni mambo ya serikali ya kitaifa. Mlango wake ni mbunge na Bunge la Taifa. Wavuvi wa Nyatike wanaosumbuliwa karibu na kisiwa cha Migingo wana shida inayogusa usalama na uhusiano na Uganda. MCA anaweza kuwasikiliza na kuwapa barua, lakini kamati za Bunge la Taifa ndizo humwita waziri ajibu.

Basari za sekondari na vyuo na ujenzi wa madarasa hupitia pia hazina ya maeneo bunge, NG-CDF. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, na suala hilo likapelekwa Mahakama ya Rufani. Mzazi anayetegemea basari hiyo afuatilie matokeo yake kwa karibu.

Mwakilishi wa Wanawake husimamia mipango ya hazina ya kuinua wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika kaunti. Asichukuliwe kuwa wa wanawake peke yao wala wa kugawa mashine za kushona tu. Yeye ni mbunge kamili, na kura yake katika bajeti ni sawa na ya mbunge mwingine yeyote.

Mgao wa fedha za kaunti, fomula yake, ukaguzi wa matumizi yake, na kuondolewa kwa gavana kukishapitishwa na bunge la kaunti, ni mambo ya Seneti. Hata naibu wa rais husikilizwa huko. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilimpigia Rigathi Gachagua kura ya kumtimua, lakini lililokamilisha jambo ni uamuzi wa Seneti wa tarehe 17 Oktoba.

Namna ya kuandika

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kusema kwenye baraza ni vyema, lakini Bunge hufanya kazi kwa maandishi. Tangazo la kukusanya maoni linapotolewa magazetini au kwenye tovuti ya Bunge, huwa na jina la mswada na siku ya mwisho. Kikundi cha wavuvi wa Sori au chama cha wakulima cha Rongo kiandike barua fupi kwa Karani wa Bunge la Taifa au Karani wa Seneti, kulingana na nyumba iliyo na mswada. Itaje jina la mswada, namba ya kifungu, kinachotakiwa kibadilishwe, na sababu. Mfano mmoja wa kweli kutoka ufuoni au shambani, wenye kiasi na tarehe, una nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko ya jumla. Barua iandikwe kwa Kiswahili kama ndicho kinachowafaa wenyewe. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Pasipo na mswada wowote, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge: sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Si lazima mbunge akubaliane nalo. Ombi linaweza kuwasilishwa kupitia kwa mbunge au kupelekwa moja kwa moja kwa Karani. Likishasomwa ukumbini hupelekwa kwa kamati, na kamati hutakiwa kuleta ripoti ndani ya muda uliowekwa. Aliyepeleka ombi abaki na nakala, aandike tarehe, na muda huo ukipita aulize.

Kijana aliyefikisha miaka 18 aende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake na kitambulisho chake ajiandikishe, asingoje foleni za mwisho. Aliyehama kutoka Migori kwenda Homa Bay, au kutoka wadi moja kwenda nyingine, ahamishe kituo chake, maana kura ya ubunge hupigwa pale mtu alipoandikishwa.

Na atakaposhika karatasi zile sita Agosti 2027, awe ameshawauliza wagombea maswali sita tofauti. Anayewania Seneti aulizwe atatetea vipi mgao wa kaunti. Anayewania ubunge aulizwe atapiga kura gani kwa ushuru. Anayewania uwakilishi wa wanawake aulizwe atasimamia nini katika bajeti. Anayewania wadi aulizwe kuhusu zahanati. Mgombea wa useneta anayeahidi dawa na mgombea wa wadi anayeahidi kupunguza VAT wote wawili wanaahidi kazi ya mtu mwingine, na mpiga kura anayelijua hilo hatadanganyika kwa urahisi.